Taja dosari ya hoja kabla ya kusoma majibu

Wanaojiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani, wengi huponzwa na haraka ya kukimbilia majibu. Tangu Agosti 2024, sehemu za mantiki zinazohesabiwa alama ni mbili, kila moja dakika 35, na swali moja halifikii hata dakika moja na nusu. Haraka ina sababu, lakini majibu manne kati ya matano yametungwa kukupoteza.

Chukua hoja hii, ambayo swali linakutaka utambue dosari yake: "Muuza mahamri alihama Kongowea mwezi uliopita, akaweka meza kivukoni Likoni. Mauzo yamepanda maradufu. Kwa hiyo, kuhama ndiko kulikopandisha mauzo."

Tafuta hitimisho kwanza. Hapa "kwa hiyo" imelianika. Kwingine hutangulia mwanzoni kabisa, bila neno la kulitambulisha. Kisha jiulize: naweza kukubali yote yaliyosemwa na bado nikalikataa hitimisho? Naam. Huenda mwezi uliopita Ramadhani ilikuwa imeisha, watu wakarudia chai ya asubuhi. Hata angebaki Kongowea, mahamri yangenunuliwa. Hoja imeona mambo mawili yakifuatana, ikadai la kwanza limezaa la pili. Iseme dosari hiyo kwa maneno yako, sentensi moja, ndipo ushuke kwenye majibu.

Kila jibu lipime mara mbili: hoja imefanya hivyo kweli? Na hilo ndilo linaloibomoa? "Inahukumu wengi kwa kutazama wachache" ni dosari mashuhuri, ila humu haimo. "Haisemi Likoni kuna wauza mahamri wangapi" ni kweli, lakini haigusi kitu.

Dosari inayostahili mazoezi mengi zaidi ni ya masharti, maana sikio huikubali upesi: "Gari halivuki kwa feri bila kulipiwa. Hili limelipiwa, basi limevuka." Jamani, si bado liko kwenye foleni! Malipo ni ya lazima, lakini peke yake hayatoshi kulivusha. Ukikuta "bila", "lazima" au "isipokuwa", punguza mwendo.

Nyingine, kama kuchanganya idadi na asilimia, utazizoea haraka.

Fanya maswali kumi kwa siku bila saa kwanza. Kwa kila ulilokosa, andika daftarini jina la dosari, jibu ulilochagua, na neno lililokuvuta. Baada ya wiki mbili lisome daftari: neno likijirudia, anza nalo.