Jibu: Kupiga goti wakati hakuna Misa

Ndugu, umeuliza kwa nini Mkatoliki akiingia kanisani hupiga goti hata kama hakuna Misa. Hapigii goti sanamu, ingawa wengi hudhani hivyo. Tazama ile taa ndogo inayowaka karibu na tabernakulo, kile kisanduku kitakatifu chenye mlango: inaashiria kuwa humo zimehifadhiwa hostia, yaani vipande vyembamba vya mkate, zilizogeuzwa katika Misa. Kanisa linafundisha kwamba mkate ukishageuzwa hubaki na umbo na ladha tu. Kilichopo ni Mwili wa Kristo kweli, si mfano wake. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilikazia hilo mwaka 1551. Ndiyo maana hostia zinazobaki baada ya komunyo hazitupwi, bali huwekwa humo na kupelekewa wagonjwa. Siku ya Ijumaa Kuu utaikuta tabernakulo tupu, mlango wazi, na hapo hakuna anayeipigia goti.