Mwanaume juu ya meza: namna ya kushuti sini ya kutekwa na viumbe wa anga

Skripti nyingi za kutekwa na viumbe wa anga huharibikia pale mwanaume anapofumbua macho juu ya meza. Mwandishi anamhurumia, anampa ngumi. Kamba zinakatika, kiumbe anapigizwa ukutani, jamaa anatimua mbio kwenye korido yenye taa za bluu. Hapo hofu imeshakwisha. Kilichobaki ni filamu ya mapigano, tena ya bajeti ndogo.

Walioiweza sini hii walifanya kinyume. Travis Walton, mkata miti wa Arizona aliyepotea siku tano kuanzia tarehe 5 Novemba 1975, alisimulia kwamba alipozinduka aliinuka, akashika kifaa kilichokuwa karibu na kuwatishia viumbe wale hadi wakatoka chumbani. Filamu ya kisa chake, Fire in the Sky ya mwaka 1993, iliyaweka kando maelezo hayo. Ikamlaza, ikamfunika kwa utando uliombana mwili mzima. Mwanaume anayepigana walikuwa naye tayari ndani ya kisa chenyewe, wakamtupa, na walifanya vyema.

Kama kisa ni cha kweli au cha kutunga, hilo tuwaachie wanaobishana. Kazi ya mtengenezaji filamu ni kujua nguvu ya hadithi imekaa wapi, nayo iko kwa mtu aliyezoea kuuamrisha mwili wake, sasa mwili umegoma. Uamuzi wa taa, meza, nguo na kamera utoke hapo.

Macho na pumzi tu

Watu wa pwani hatuna haja ya kwenda Arizona kulielewa hili. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya popobawa, kiumbe wa usiku mwenye mabawa, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, wanaume wazima wakiwemo, maana ilisemekana hata wanaume huingiliwa. Ondoa mabawa, weka chombo cha angani, na maelezo yanakaribiana mno: mtu yuko kitandani, ana fahamu zake, kifua kimekandamizwa, hawezi kujitikisa wala kupiga kelele. Wapo watafiti waliohusisha visa vya aina zote mbili na jinamizi. Katika ile hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, ubongo huizima misuli ya mwili na kuacha macho na kiwambo cha kupumulia vikifanya kazi. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa.

Basi hayo ndiyo maelekezo ya kumpa mwigizaji. Usimwambie "ogopa". Mwambie macho yanamtii, pumzi inamtii, mengine yote yamekufa: shingo, taya, vidole. Mjaribu sakafuni kabla ya kuwasha kamera. Mshike kifundo cha mkono, uinue, uachie ghafla. Mkono ukianguka kama mzigo, yuko tayari. Ukielea hewani hata nusu sekunde, bado anaigiza. Kisha kagua vidole vya miguu. Karibu kila mwigizaji hulegeza mikono na kusahau miguu, na vidole vilivyokunjamana vitaonekana wazi kwenye shoti ya nyayo, ambayo ni moja ya shoti bora za sini hii.

Kwa kuwa mmemkataza kusogea na kusema, lazima awe na njia ya kusimamisha kazi. Mpe funguo au kimpira kidogo mkononi, upande usioonekana na kamera. Akikiachia kikaanguka, kila mtu anasimama, bila maswali wala "malizia kidogo tu".

Mwili wa kuchagua

Kishawishi ni kumtafuta kijana wa jimu mwenye kifua cha kuchonga na kumpaka mafuta ang'ae. Taa ya juu ikimpiga, misuli inageuka sanamu, na sini inakuwa tangazo la sabuni. Mtazamaji anaanza kumtamani au kumwonea wivu, wakati mlitaka amwogopee. Mwanaume mwenye kitumbo kidogo, kovu la goti na nywele za kifuani anafanya kazi kubwa zaidi: tumbo laini linaonyesha kila pumzi, na pumzi ndiyo pekee mliyombakishia.

Kumbuka pia anawekwa mbele ya nini. Viumbe wa kijivu wa hadithi hizi ni wafupi kama watoto, hawana nywele, hawana misuli, hawana jinsia inayoonekana. Kadiri mwanaume alivyo mzito na mwenye alama za maisha, ndivyo tofauti inavyouma: kitu chepesi kimeushinda mwili mkubwa bila hata kuugusa kwa nguvu.

Meza, taa na ngozi nyeusi

Meza iwe nyembamba. Upana wa sentimita 50, urefu wa mita 2, kimo cha sentimita 90. Kwa upana huo mwanaume wa kawaida hana pa kuweka mikono. Ama inaning'inia, ama inalala juu ya tumbo, na zote mbili zinamfanya aonekane hana ulinzi. Plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya mbao inambeba bila wasiwasi, ila weka mkingamo wa mbao katikati, pale kiuno kinapokaa, la sivyo itabonyea. Paka rangi ya kijivu isiyong'aa. Ukanda wa LED wa volti 12 ukizungushwa chini ya kingo, meza inaonekana kama inaelea. Gundi yake hubanduka ikipata joto, kwa hiyo ishikilie kwa klipu.

Kwa nini kijivu, wakati kila mtu anafikiria nyeupe? Kwa sababu kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, itaipima ile meza nyeupe, itapunguza mwanga, na mwigizaji wako mweusi atabaki kivuli chenye meno. Pima mwanga kwa mkono, pima kwenye ngozi, kisha punguza mwanga wa meza hadi isigeuke nyeupe tupu kwenye picha. Ngozi nyeusi haihitaji taa kali. Inahitaji chanzo kipana kinachoakisiwa nayo. Shuka jeupe la mita 2 likitundikwa ubavuni na taa moja nyuma yake litachora mstari wa mwanga kutoka bega hadi kiuno. Mafuta ya kupaka kidogo tu, yale ya kila siku, yakikoleza mstari huo yametosha.

Taa za LED za bei rahisi hupepesa kufuata umeme wa gridi, na umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Ukishuti kwa fremu 25 kwa sekunde, weka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ukiona mistari myeusi inapanda kwenye skrini, shata ndiyo ya kuangalia kwanza.

Nguo, na makubaliano yanayosahaulika

Mwanaume akitakiwa kuvua shati au zaidi, mara nyingi hakuna anayemuuliza. "Mwanaume mzima unaona aibu gani?" Swali hilo lifutwe kwenye seti. Kabla ya siku ya kushuti muandike karatasi moja: sehemu zipi za mwili zitaonekana, nani atakuwepo chumbani, nani ataangalia monita, nani atashika mafaili ghafi. Watu watano wanatosha: muongozaji, mpigapicha, wa sauti, wa meikapu na mmoja wa taa. Simu zote zibaki nje. Mafaili yasipite kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata "kwa ajili ya kuchagua tu".

Uchi wenyewe hauhitajiki. Nguo ya ndani ya rangi ya ngozi yake na fremu zilizobanwa (nyayo, kitovu, koo, kiganja) humfanya mtazamaji ajaze mwenyewe yaliyobaki, na kazi yenu haitapata shida kwenye madaraja ya umri ya Bodi ya Filamu Tanzania au KFCB, bodi ya Kenya ya kupanga filamu kwa umri. Shati likikatwa kwa mkasi kutoka pindo hadi kola, taratibu, linatisha kuliko mwili mtupu. Nunua mashati matatu yanayofanana kabisa, maana kila teki inakula moja, na yafuliwe mara kadhaa kwanza. Shati jipya linakaa kama karatasi.

Ute nao una historia yake. Antônio Vilas-Boas, mkulima wa Minas Gerais nchini Brazil aliyesimulia kutekwa akiwa kwenye trekta usiku wa Oktoba 1957, alisema alivuliwa nguo, akapakwa majimaji mazito kwa kitu kama sponji, kisha akatolewa damu kwenye kidevu. Kwa ute wa namna hiyo tumia unga wa CMC, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki. Ponda gramu 10 ndani ya vijiko viwili vya gliserini hadi uwe uji laini, ndipo umimine kwenye lita moja ya maji huku unakoroga. Usipoanza na gliserini utapata madonge yasiyoyeyuka. Uache usiku kucha mapovu yatoke. Ukiwa mwepesi, ongeza gramu 2 kwa wakati. Upashe uvuguvugu kabla ya kumpaka mtu, na uwe na chupa ya kunyunyizia maji, kwa sababu chini ya taa ute hukauka na kubanduka kama magamba meupe. Sakafu itateleza: ekstensheni zote zipandishwe juu ya viti.

Alama ya damu mwekeeni kidevuni, nukta mbili ndogo. Jeraha kubwa linamfanya mtazamaji afikirie meikapu.

Viumbe wenyewe, kwa kifupi

Uso wenye macho makubwa meusi kila mtu ameshauona, kwa hiyo usiutegemee. Hata waliosimulia visa hivi hawako nje ya skrini. Barney Hill, mfanyakazi wa posta wa New Hampshire aliyesema alitekwa na mkewe Betty mnamo Septemba 1961, alieleza akiwa chini ya hipnosisi, yaani usingizi wa tiba unaoletwa na daktari kwa maneno, Februari 22, 1964, kuhusu macho yanayozungumza. Siku 12 kabla yake televisheni ya Marekani ilikuwa imerusha kipindi cha The Outer Limits chenye kiumbe na mazungumzo ya namna hiyo, na wenye mashaka hawajaacha kulitaja hilo. Tumieni mkono, kivuli juu ya tumbo, kitu kinachopita kati ya taa na uso wake.

Mwaka 1977 Steven Spielberg aliwavalisha wasichana wadogo mavazi ya viumbe katika Close Encounters of the Third Kind. Kwa sini hii msiige. Mtoto hana nafasi kwenye seti yenye mwanaume aliyevuliwa nguo. Mtu mzima mwembamba aliyepiga magoti, akiwa nje ya fokasi, anatosha.

Na kiumbe akija katika umbo la mwanaume? Usimpe mwendo wa roboti. Chagua kosa moja la mwili na ulishikilie. Jeff Bridges, katika Starman ya 1984, aligeuza kichwa kwa mikatiko kama ndege, na uigizaji huo ulimfikisha kwenye uteuzi wa Oscar.

Kumwinua hewani

Msimtundike kwa kamba kama hamna mtaalamu. Tumieni benchi na uhariri. Kamera kwenye stendi, fokasi, mwanga na rangi vyote vimefungwa kwa mkono. Shuti kwanza sekunde 20 za chumba kitupu, halafu mlaze mtu juu ya benchi bila kugusa kamera. Kwenye kompyuta unaliondoa benchi kwa kuweka kile chumba kitupu chini yake.

Shoti hii huharibika kwa sababu ya mgongo. Mtu aliyelala kwenye benchi pana ana mgongo uliobapa na shati lililobanwa, na jicho linajua mara moja kwamba kuna kitu chini. Tumia kiti kisicho na egemeo, upana wa sentimita 30, chini ya kiuno na mgongo pekee. Kichwa, mikono na miguu vining'inie, pindo la shati livutwe lidondoke chini. Hawezi kuvumilia zaidi ya sekunde 30 hivi, maana shingo na mapaja yanabeba kila kitu. Panga teki fupi na mtu wa kumpokea kichwa.

Baada ya kurudishwa

Waandishi wengi hukata hapa na kuweka polisi wanaocheka. Kuna mfano bora. Oktoba 1973, Charles Hickson na Calvin Parker, wafanyakazi wawili wa kiwanda cha meli waliokuwa wakivua samaki huko Pascagoula, Mississippi, walikwenda kwa sherifu kueleza kwamba wamechukuliwa kutoka kwenye gati. Waliachwa peke yao chumbani na kinasa sauti kilichofichwa, ikitarajiwa kwamba wangejisaliti. Wakaendelea kuongea kama watu waliotishika. Hiyo ndiyo sini ya kuandika: wanaume wawili, mmoja mtu mzima na mwingine kijana, hawana wa kumdanganya, na bado hawapati maneno. Kamera ikae mbali, wasitazamane.

Ushahidi nao uwe mdogo. Barney Hill alirudi nyumbani ncha za viatu vyake vizuri zimekwaruzika kwa juu, kana kwamba aliburutwa, na mkanda wa darubini yake umekatika. Mpe mwigizaji wako viatu vya namna hiyo, uvikwaruze kwa msasa wa namba 80 siku moja kabla, na uvishuti kwa karibu akiwa anavivua. Usimpe mstari wowote wa kuvieleza.