Kabla ya kilima, pitisha upepo kwenye uwanda mtupu

Wiki tatu nzima nilikilaumu kilima kwa kosa lisilo lake. Nilikuwa nikijaribu kwa OpenFOAM, programu ya kompyuta ya kuiga mtiririko wa hewa, kupata majibu yale yale ya Askervein, kilima cha Uskoti chenye urefu wa mita 116 kilichosimikwa milingoti ya kupimia upepo mwaka 1982 na 1983. Kileleni, mita 10 kutoka ardhini, upepo ulizidi ule wa uwandani kwa takriban asilimia 80. Wangu haukukaribia hata. Nikaongeza seli (vijisanduku vya gridi ambamo kompyuta hukokotoa upepo), nikabadili modeli ya msukosuko (hesabu za kukadiria vurugu za upepo), kompyuta ikanguruma usiku kucha. Wapi!

Mwishowe nikakifuta kilima. Likabaki sanduku lenye sakafu tambarare, nikapitisha upepo ule ule. Ulivyoingia sivyo ulivyotoka. Karibu na ardhi ulikuwa umeshabadilika kabla ya kufika pale ambapo kilima kingeanza, kwa hiyo muda wote nilikuwa napima upepo mwingine kabisa.

Chanzo kilikuwa seli ya chini kabisa. Niliipa kimo cha sentimita 20, nikijiona fundi. Kumbe kanuni ya ukutani niliyotumia, yaani fomula ya kukadiria upepo unapogusa ardhi, huchukua kipimo cha mkwaruzo wa ardhi (jinsi ilivyo na mikwaruzo inayouzuia upepo), kwangu mita 0.03 ya nyasi, na kukigeuza kuwa changarawe za kufikirika zenye kimo cha mara 30 hivi, yaani karibu mita 0.9. Seli yangu ilikuwa imezama ndani ya changarawe! Seli ndogo si lazima iwe seli bora.

Kwa hiyo anza na sanduku tupu, kila mara unapobadili gridi au mkwaruzo. Linganisha kasi mlangoni, pale kilima kitakapokaa, na kwenye kutokea. Usidharau tofauti ndogo: nguvu ya upepo ya kuzalisha umeme hufuata kasi kwa kipeo cha tatu, hivyo ukizidisha kasi kwa asilimia 10, nguvu umeizidisha kwa asilimia 33.

Ramani ya mwinuko unayoundia kilima nayo iangalie, hasa penye genge. Bolund, kilima kidogo cha Denmark chenye genge, kina mita 12 tu, lakini ukingo wake ukilainishwa na ramani, upepo hupanda kana kwamba hakuna genge.

Siku hizi kileleni naafikiana na milingoti. Nyuma ya kilima bado tunabishana, na huko sasa naona nina haki ya kuilaumu modeli ya msukosuko.