Meza ya Wasomaji: Mwisho wa Juma Katika Mashamba ya Mizabibu ya Rasi

Tangu tulipogusia mvinyo wa Afrika Kusini katika toleo lililopita, wasomaji kadhaa wametuandikia kuhusu safari za wanandoa kwenda kuonja na kula katika mashamba yaliyo jirani na Cape Town. Barua zinazochapwa hapa zimefupishwa, na majina ya walioziandika yameachwa kwa ombi lao.

SWALI: Mimi na mume wangu ni Watanzania tunaofanya kazi Cape Town, na karibu kila Jumamosi tunakwenda Stellenbosch au Franschhoek. Mume wangu huandaa orodha ya mashamba manne au matano kwa siku moja. Ikifika saa tisa alasiri tumechoka, tumekula vitafunwa tu, na hakuna anayekumbuka mvinyo upi ulitoka wapi. Mara nyingi tunarudi nyumbani tumenuniana. Je, tupunguze mashamba, au tatizo liko kwenye mpangilio?

JIBU: Dada, punguzeni. Mashamba mawili kwa siku yanatosha, moja kabla ya chakula cha mchana na jingine baada yake, na chakula chenyewe kiliwe mezani kwa nafasi, si kwa kumegamega garini mkiwa njiani. Hesabu ya vinywaji peke yake ingetosha kumshawishi mzee nyumbani. Katika vyumba vingi vya kuonjea, mgeni humiminiwa mililita 25 hadi 30 za kila mvinyo, na seti ya kawaida huwa na aina tano hivi. Kwa hiyo shamba moja linakupa karibu glasi nzima, na mashamba manne yanafikisha mililita 600, yaani chupa kasoro glasi moja, tena ya mvinyo ambao kwa jua la kule mara nyingi una kilevi cha asilimia 13 au 14. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka dereva wa kawaida awe na chini ya gramu 0.05 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Hukutuambia nani anashika usukani wakati wa kurudi, lakini kwa mashamba manne jibu halali ni kwamba si wewe wala yeye.

Ulimi nao una kikomo. Ukishaonja aina kumi, hasa nyekundu zenye ukakasi kama Cabernet Sauvignon na Shiraz, mdomo unakauka, pua inazoea, na kila kinachofuata huonekana ni kilekile. Ndiyo sababu hamkumbuki chochote jioni. Wala si udhaifu wenu.

Ningependekeza kila safari iwe na zabibu moja mnayoifuatilia. Anzeni na Chenin Blanc, inayolimwa kwa wingi kuliko nyingine zote nchini humo, ambayo wenyeji waliiita Steen kwa vizazi vingi hadi ilipothibitika katika miaka ya 1960 kuwa ndiyo ileile ya bonde la Loire huko Ufaransa. Shamba la asubuhi liwe Simonsig, nje kidogo ya Stellenbosch, kwa sababu huko ndiko mvinyo wa mapovu uitwao Kaapse Vonkel ulikotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, kwa zabibu hiyohiyo ya Chenin, kwa kuuacha uchachuke mara ya pili ndani ya chupa kama wafanyavyo watu wa Champagne. Simonsig, pamoja na Delheim na Spier, ndiyo mashamba ambayo wenyewe walikubaliana mwaka huohuo wa 1971 kuanzisha njia ya kwanza ya mvinyo nchini, na bila makubaliano hayo huenda hadi leo mgeni angeishia getini. Baada ya hapo ulizeni Chenin iliyokaa katika tangi la chuma: itawajia na ukali wa tofaa bichi, na itaisha mdomoni upesi. Alasiri, katika shamba la pili, ulizeni ile iliyolelewa ndani ya pipa la mwaloni, ambayo huwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, nzito zaidi, yenye harufu ya asali na mkate uliotoka tanurini. Wanandoa wenye mada ya namna hiyo hawakosi la kuzungumza mezani. Wiki nyingine fuatilieni Pinotage, iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 baada ya profesa Abraham Perold kuzalisha Pinot Noir na Cinsaut, na mkubali mapema kuwa huenda mmoja wenu ataipenda na mwingine ataikataa kabisa. Sijaona zabibu inayogawanya watu kama hiyo.

Kuhusu chakula, wekeni nafasi kabla ya kuondoka nyumbani. Migahawa ya Franschhoek hujaa mwishoni mwa juma, na mwezi wa Desemba na Januari hujaa hata siku za kazi. Ketini saa saba mchana, mmalize taratibu, kisha mwende shamba la pili kabla ya saa tisa na nusu, kwa kuwa vyumba vingi vya kuonjea huacha kupokea wageni kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hunyesha na mizabibu haina majani, lakini ndipo moto huwashwa katika mabohari ya kuonjea, msongamano hupungua, na migahawa mingi hushusha bei ya mlo wa mchana. Mimi huupenda msimu huo kuliko ule wa mavuno, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Januari na kwenda hadi Machi, ijapokuwa nakiri kwamba harufu ya zabibu zinazochachuka mwezi wa Februari haina mfano.

Mkitaka kuacha gari, pale Franschhoek kuna tramu ya mvinyo iliyoanza mwaka 2012, inayoshirikiana na mabasi kuwazungusha wageni kati ya mashamba. Unashuka, unaonja, kisha unapanda inayofuata. Inafaa sana, ila ina mtego, kwani vituo ni vingi na mwenye tabia ya orodha atataka kushuka kila kimoja. Gawaneni kazi: mumeo achague zabibu na mashamba mawili, wewe uchague meza ya chakula, na asiruhusiwe yeyote kuongeza kituo baada ya gari kuondoka.

SWALI: Nimeona wageni wakitema mvinyo ndani ya ndoo mbele ya watu. Kwetu pwani tumefundishwa kuwa kutema mate hadharani ni utovu wa adabu, tena mbele ya mke wangu na wakwe zangu ambao tutasafiri nao. Je, ni lazima?

JIBU: Si lazima, bwana, lakini pale si utovu wa adabu, na mhudumu atakuheshimu zaidi kwa kufanya hivyo kuliko kwa kumaliza kila tone. Shika glasi kwenye mguu wake ili mkono usiupashe mvinyo joto, iinamishe juu ya karatasi nyeupe uone rangi, nusa, kisha chukua funda dogo na ulizungushe mdomoni hadi lifike pembeni mwa ulimi na kwenye ufizi, ambako ukakasi husikika zaidi. Ukishapata ladha, sogeza chombo karibu na kidevu, inama, na utoe mvinyo wote kwa mkupuo mmoja mwembamba. Jaribu kwanza nyumbani kwa maji, mbele ya sinki. Kama mbele ya mama mkwe roho bado inakataa, meza funda la kwanza na umwage lililobaki ndani ya chombo hichohicho. Hilo hufanywa kila siku na hakuna anayegeuza shingo. Kitu kitakachowaudhi wenzako chumbani ni manukato makali, kwa hiyo udi na marashi yasubiri hadi jioni.

SWALI: Mimi ni Msabato na situmii kilevi kabisa, lakini mume wangu anapenda mvinyo. Tutatoka Nairobi na kukaa Cape Town Ijumaa hadi Jumatatu. Naogopa kuwa nitakaa kando nikimtazama akinywa. Je, kuna faida yoyote kwangu?

JIBU: Ipo, dada, kwa sharti moja ambalo mumeo alisikie kabla ya kukata tiketi: usigeuzwe dereva. Ni desturi mbaya iliyoenea, kwamba asiyekunywa ndiye hubebeshwa usukani, ramani na subira, kisha huambiwa kuwa wamesafiri pamoja. Kodini gari lenye dereva kwa siku ile.

Kwa kuwa Jumamosi ni siku yako ya ibada, safari yenu itakuwa Jumapili. Hakikisheni kwa simu kuwa shamba liko wazi, maana baadhi hufunga siku hiyo. Nendeni Babylonstoren, katikati ya Paarl na Franschhoek, ambako bustani ya matunda, mboga na mitishamba ni sababu tosha ya kufika, na mgahawa wa Babel, uliomo katika lililokuwa zizi la ng'ombe, hupika yale yaliyochumwa hapo hapo. Fairview, upande wa Paarl, wanajulikana kwa jibini na kwa mnara ambao mbuzi huupanda kwa ngazi za kuuzunguka; utaonja jibini huku mwenzako akionja mvinyo, na mtakuwa na kazi sawa. Tokara, juu ya mlima wa Helshoogte, hukamua mafuta ya zeituni, na mafuta hayo huonjwa kwa makini yaleyale, kuanzia laini hadi yale yanayowasha kooni. Sehemu nyingi pia zina maji ya zabibu yasiyochachuka, hivyo ulizeni mnapoweka nafasi. Wakati huohuo wataarifuni kama hamli nguruwe, kwa sababu sinia za nyama baridi ambazo huletwa pamoja na mvinyo aghalabu huwa naye.

Kama muda ni mfupi, msitoke mjini. Groot Constantia iko ndani ya Cape Town yenyewe, katika ardhi aliyopewa gavana Simon van der Stel mwaka 1685. Mgahawa wake wa Jonkershuis unajulikana kwa mapishi ya Wamalai wa Rasi, na humo mtu wa Afrika Mashariki hujikuta nyumbani: nyama ya kusaga yenye bizari na zabibu kavu, iliyofunikwa kwa yai na maziwa na kuokwa, ndiyo bobotie yenyewe, na sambusa huitwa kwa jina linalokaribiana sana na letu. Mapishi hayo hayakufika hapo kwa bahati. Waliolima mizabibu ya mwanzo ya Rasi walikuwa watumwa walioletwa kutoka Msumbiji, Madagaska, India na visiwa vya Indonesia, na utumwa huo ulidumu hadi miaka ya 1830. Hata baada ya uhuru wao, vibarua wa mashamba waliendelea kwa vizazi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na madhara yake kwa familia yanaonekana hadi leo. Ndani ya shamba kuna makumbusho, na ningewaomba muyaone kabla ya kuketi mezani, wote wawili.

SWALI: Tuko Dar es Salaam na hatuna fedha za kwenda Cape Town. Je, Dodoma inaweza kutupa mwisho wa juma wa namna hiyo?

JIBU: Inaweza, mkienda mkijua kwamba Dodoma ni mkoa wa wakulima wa zabibu kuliko mkoa wa watalii. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika huko mwaka 2024, safari imekuwa nyepesi: mnaondoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo watu wa Rasi hawana, na ile nyekundu ya Makutupora hutoa mvinyo mkavu wenye tindikali ya kupendeza, mbali kabisa na ule mtamu ambao wengi wameuzoea kwenye sherehe. Viwanda vya Hombolo na kwingineko havina utaratibu wa kumpokea kila apitaye, kwa hiyo pigeni simu siku kadhaa kabla na mwombe kuonyeshwa matangi na kuonja. Meza mtaitafuta mjini: kuku wa kienyeji wa kuchoma akiwa na Makutupora iliyopoozwa kidogo ni mlo ambao sijaona sababu ya kuuonea aibu mbele ya mgeni wa Franschhoek.

SWALI: Tunaruhusiwa kurudi Kenya na chupa ngapi kutoka Afrika Kusini?

JIBU: Kwa kanuni za forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki, abiria aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa lita mbili za mvinyo bila kulipa ushuru, yaani chupa mbili za kawaida kwa kila mmoja wenu, na nafasi kidogo ikibaki. Zaidi ya hapo, zitajeni na mlipie. Zifungeni kwa nguo katikati ya sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa ukaguzi hautaziruhusu kwenye mkoba wa mkononi, na zikifika ziacheni zipumzike wiki moja au mbili kabla ya kuzifungua.