Maswali na majibu: Kujiundia kompyuta ya gemu kwa bajeti ya wastani

Maswali yafuatayo yametoka kwa wasomaji wanaotaka kujiundia kompyuta ya kuchezea gemu bila kumaliza akiba yote. Nimeyafupisha, na yale yaliyofanana nimeyaunganisha.

Swali: Fedha nilizo nazo si nyingi, wala si haba. Nianze na kifaa gani, prosesa au kadi ya michoro?

Anza na skrini, hata kama utainunua mwisho. Kazi ya kadi ya michoro ni kuchora upya kila nukta ya skrini mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa hiyo idadi ya nukta ndiyo inayopima mzigo ambao kadi itabeba. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zipatazo milioni 2.07, ya 2560 kwa 1440 ina milioni 3.69, yaani mzigo unapanda kwa zaidi ya robo tatu. Na ya 4K ina milioni 8.29, mara nne ya ile ya kwanza. Nimewaona watu walionunua skrini ya 4K kwa kuvutiwa na picha yake, kisha wakaishia kuipunguza hadi 1080 kwa sababu kadi ilikuwa inahema. Kwa bajeti ya wastani chagua 1080, au 1440 ikiwa uko tayari kuongeza kidogo upande wa kadi.

Ukishaamua hilo, mengine hujipanga. Mimi hutenga theluthi moja ya fedha, au zaidi kidogo, kwa kadi ya michoro, bila kuhesabu skrini. Prosesa yenye viini sita (sehemu zinazofanya hesabu) inatosha: Ryzen 5 5600 ya AMD na Core i5-12400F ya Intel, zote za mwaka 2022, bado zinabeba gemu nyingi bila taabu. Anayepaswa kuipa prosesa uzito zaidi ni mchezaji wa gemu za ushindani anayetaka fremu (picha) nyingi mno kwa sekunde, au mpenzi wa gemu za kujenga miji na kuongoza majeshi, ambako hesabu za nyuma ya pazia ni nyingi kuliko michoro yenyewe.

Angalia pia kumbukumbu ya kadi, wala usidanganyike na ukubwa wa namba katika jina. Kadi ya Nvidia RTX 3060, iliyotoka mwaka 2021, ina toleo la GB 12, ilhali RTX 4060 ya mwaka 2023 ina GB 8. Hii ya pili kwa kawaida ni ya kasi zaidi na hula umeme mdogo, lakini gemu mpya ikiwekwa kwenye ubora wa juu kabisa, GB 8 zinaweza kujaa na picha zikaanza kukwamakwama.

Swali: Muuzaji ananishauri ninunue ubao mama wa AM4 kwa kuwa ni wa bei nafuu. Rafiki yangu anasema AM4 imekwisha. Nimsikilize nani?

Kila mmoja ana ukweli wake. Prosesa za Ryzen zilianza kutumia soketi ya AM4, yaani tundu la ubao mama linaloshika prosesa, mwaka 2017, pamoja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) za kizazi cha DDR4. AM5 ilikuja mwaka 2022 na inakubali DDR5 pekee. Hivyo anayehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili hubadilisha prosesa, ubao na RAM kwa pamoja. Ikiwa desturi yako ni kuunda kompyuta, kuitumia miaka mitano na kuiacha, AM4 itakuokolea fedha ambazo zitafaa zaidi kwenye kadi ya michoro. Ikiwa unapenda kuboresha kidogo kidogo, lipa tofauti sasa uchukue AM5. Jambo moja la tahadhari: mbao za AM4 za mwanzo, kama zile za B450, zilitengenezwa kabla ya Ryzen za mfululizo wa 5000, na bila kusasishwa BIOS (programu ya ndani ya ubao) hazizitambui prosesa hizo. Muulize muuzaji kuhusu hilo kabla ya kulipa.

Swali: RAM moja ya GB 16 au mbili za GB 8?

Mbili. Prosesa husoma RAM kupitia njia mbili kwa wakati mmoja, na ukiweka kipande kimoja njia moja inabaki wazi bila kazi. Ubao ukiwa na sloti nne, kwa kawaida vipande viwili hukaa kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kijitabu cha ubao kitathibitisha. Kisha ingia kwenye BIOS uwashe XMP au EXPO (mipangilio inayoifikisha RAM kwenye kasi iliyoandikwa), kwa sababu RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 mara nyingi huanza kufanya kazi kwa 2133 au 2400 mpaka uiamuru vinginevyo. Wapo waliotumia kompyuta zao kwa miaka bila kujua hivyo.

Swali: Kasha nililolipenda linauzwa pamoja na pawasaplai ya wati 700. Je, si nimeokoa fedha?

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi hubana matumizi mahali pasipostahili. Pawasaplai ndiyo inayogawa umeme kwa vifaa vyote. Wati zilizobandikwa ubavuni ni madai ya mtengenezaji, na katika pawasaplai duni madai hayo hayategemeki. Mimi mwenyewe niliwahi kutumia moja iliyokuja na kasha. Ilizimika jioni moja katikati ya gemu, na iliondoka na ubao mama.

Soma jedwali lililo kwenye kibandiko, mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya michoro huchota humo karibu umeme wao wote. Pawasaplai ikiandikwa wati 700 huku mstari huo ukitoa ampea 30 tu, maana yake ni wati 360. Na alama ya 80 Plus inapima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kama joto. Haisemi lolote kuhusu ulinzi wala uimara.

Habari njema ni kwamba huhitaji wati nyingi. Kadi kama RTX 4060 imekadiriwa wati 115, RX 6600 ya AMD wati 132, na prosesa ya viini sita niliyoitaja haifiki wati 100 inapotumika kwenye gemu. Pawasaplai nzuri ya wati 550 inavibeba vyote na nafasi ikabaki. Ukija kubadilisha pawasaplai yenye kebo za kuchomoa, usitumie kebo za ile ya zamani hata kama zinaingia vizuri, kwa kuwa mpangilio wa nyaya upande wa pawasaplai hutofautiana na unaweza kuunguza diski na ubao kwa sekunde moja.

Swali: Nitambueje kadi ya michoro iliyotumika ambayo haijachoshwa na uchimbaji wa sarafu za kidijitali?

Hutaweza kutambua kwa uhakika, na si lazima. Sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, kwa hiyo kadi nyingi za aina hiyo zimeshabadilisha mikono. Kinachochakaa kwanza ni feni na mafuta ya kupitisha joto, na vyote hubadilishwa. Ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia, omba kadi iwashwe mbele yako, icheze gemu nzito kwa nusu saa, huku ukitazama kama kuna madoa ya rangi, mistari, au joto linalopanda bila kutulia. Muuzaji akikataa, ondoka.

Swali: Je, taa za rangi na kasha la vioo vina faida?

Kwa macho tu. Afadhali kasha lenye wavu mbele, hewa ipite.

Swali: Nimemaliza kuunganisha, feni zinazunguka, lakini skrini haionyeshi kitu.

Kwanza angalia kebo ya skrini imechomekwa wapi. Core i5-12400F na Ryzen 5 5600 hazina michoro ya ndani, kwa hiyo tundu la HDMI lililo kwenye ubao mama ni pambo tu; kebo iende kwenye kadi. Pili, kagua kebo ya umeme ya prosesa, ile ya pini 8 inayoingia kwenye kona ya juu ya ubao, ambayo husahaulika kuliko zote. Tatu, chomoa RAM uzirudishe mpaka zitoe mlio wa kubana. Kama ni ubao wa DDR5, subiri dakika kadhaa kabla ya kuhangaika, kwa sababu mara ya kwanza hujipima RAM zake na skrini hubaki nyeusi.

Swali: Nimenunua skrini ya Hz 144 lakini sioni tofauti na ya zamani.

Inawezekana bado inafanya kazi kwa Hz 60, kwa kuwa Windows mara nyingi huiacha hapo. Fungua mipangilio ya onyesho, sehemu ya mipangilio ya kina (Advanced display), uchague 144. Ikiwa namba hiyo haipo, badilisha kebo, ikiwezekana utumie ya DisplayPort. Kwa Hz 60 picha hubadilika kila milisekunde 16.7, na kwa Hz 144 kila milisekunde 6.9, sogeza kishale cha kipanya kwa kasi na utaliona hilo kabla hata hujafungua gemu.