Kabla hujasema uvimbe umeiba sukari

Wadogo zangu, juzi nimefungua inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli) nikakuta sahani tatu za seli T, yaani seli za kinga, zilizochanganywa na seli za saratani, midia (majimaji ya kulishia seli) imekuwa njano kama embe bivu. Mwenye sahani ananiambia kwa furaha, "Uvimbe umezinyima sukari!" Nimeshindwa kunyamaza.

1. Pima glukosi (sukari yenyewe), laktati (taka ya sukari iliyochachushwa) na pH ya midia (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi, na midia hugeuka njano), kila mara. Mimi sikupima, na miezi saba ikapotea. Nilizisoma makala mbili za mwaka 2015 zilizoonyesha uvimbe ukimaliza glukosi hadi seli T zinashindwa kutoa interferoni-gama, silaha yao ya kemikali, nikazishika kama msahafu. Kila Ijumaa nachanganya seli, Jumatatu interferoni imeshuka, naandika "njaa". Nilichora grafu, nikamwonyesha msimamizi, naye akaanza kuwaambia wenzake. Siku moja dada wa benchi la jirani akainua sahani yangu kwenye mwanga, akauliza, "Hii pH ngapi?" Tukapima pale pale: 6.8. Glukosi je? RPMI, midia niliyotumia, huanza na milimola 11 kwa lita, na bado zilibaki 3. Njaa gani hiyo? Kila glukosi moja inayochachushwa hutoa laktati mbili pamoja na asidi yake, na asidi hiyo ndiyo iliyokuwa ikizizima seli zangu. Niliporudisha pH hadi 7.4, bila kuongeza chembe ya sukari, interferoni ikapanda. Kumwambia msimamizi kulinichukua siku nne. Sikulala vizuri hata usiku mmoja.

2. Midia isiyo na glukosi ukiitia seramu ya kawaida (majimaji ya damu yanayolisha seli), umeshairudishia glukosi. Tumia seramu iliyofanyiwa dayalisisi, yaani iliyochujwa molekuli ndogo kama glukosi.

3. Sahani ya seli aina mbili siyo uvimbe. Mwaka 2021 utafiti wa panya ulionyesha kwamba ndani ya uvimbe, seli za mieloidi (kundi jingine la seli za kinga), makrofaji wakiwemo, ndizo zilizochukua glukosi nyingi zaidi kwa kila seli. Seli za saratani ziliongoza kwa glutamini, chakula kingine cha seli. Mwizi mnayemtafuta huenda hata hamkumweka kwenye sahani.

4. Msichanganye seli Ijumaa jamani! Saa 60 bila mtu wa kuangalia midia ni nyingi mno.

Na wewe mwenye sahani tatu, usizitupe. Kipima pH kiko droo ya pili, betri nimeshabadilisha. Njoo kesho saa mbili asubuhi tupime wote.