Re: Mwanangu wa miezi 14 analia nikitoka kwenda kazini

Salaam dada. Nimekuelewa: asubuhi unapotoka Chumbageni kwenda bandarini mtoto anakung'ang'ania, na bibi anasema umemdekeza. Mimi si daktari, ila wangu wa pili alinitoa jasho hivyo hivyo hapa Ngamiani.

Kwanza muulize bibi: ukishaondoka, analia kwa muda gani? Wangu alinyamaza kabla bodaboda haijafika barabara kubwa. Kama analia kutwa, hali wala halali, au ana homa, mpeleke kliniki. Angalia pia kama mlezi amebadilishwa karibuni.

Kudeka siko. Hofu hii ya kuachwa na mama huanza kwenye miezi minane hivi, hupamba moto kati ya miezi 10 na 18, halafu hupungua. Keshajua kwamba mama yupo hata asipoonekana, lakini "nitarudi jioni" bado haielewi.

Kosa langu lilikuwa kutoroka kwa mlango wa uani. Nilidhani namsaidia, kumbe akawa hanibanduki hata nikienda chooni! Nilipoanza kuaga mambo yakalegea: busu, "mama anarudi," basi, naondoka bila kugeuka nyuma. Siku za mapumziko tulicheza kujifunika uso kwa kanga na kufunua, kisha nikawa naenda dukani dakika tano na kurudi. Kanga niliyolalia nilimwachia bibi yake wangu, ambembelezee nayo mchana.

Ilichukua kama wiki tatu, na akiugua tulirudi nyuma. Je, ukirudi jioni anakupokeaje?